Mkataba wa Madaraja Mawili

Kaka yangu Norbert Verhasselt alifariki wiki ya pili ya Kwaresima, nyumbani kwake, mkewe Arlys akiwa amemshika mkono na mimi nikiwa kwenye fumbo la tatu la rozari. Nililimaliza fumbo hilo kwa sababu sikujua cha kufanya kingine. Wifi yangu Arlys ameniomba niandike habari zake kwa ajili ya wajukuu, ambao walimfahamu kama mzee mnene wa kwenye kiti, mwenye mashine ya kupumulia. Nitaandika nilivyoona na nilivyosimuliwa. Mungu anisaidie nisimpambe.

Sisi tulizaliwa Wisconsin, kaskazini mwa Marekani, kando ya Mto Fox, katika mji uliokuwa ukinuka kiwanda cha karatasi tangu babu zetu walipotoka Ubelgiji. Wageni walilalamikia harufu ile. Baba, aliyefanya kazi humo, alikuwa akisema ni harufu ya mkate. Norbert alimaliza shule ya sekondari mwaka 1970, na kabla majira ya joto hayajaisha alikuwa ndani ya kiwanda. Siku ya kwanza alipewa glavu, vizibo vya masikio na kadi ya chama cha wafanyakazi. Alitia saini bila kusoma, jinsi mtoto anavyobatizwa bila kuulizwa. Hapakuwa na swali la kujiunga au kutojiunga. Ukiwa kiwandani, uko chamani. Ada ilikatwa kwenye mshahara kabla hujauona, na hakuna aliyeikumbuka, kama usivyokumbuka kwamba unapumua.

Ukumbi wa chama ulikuwa mtaa wa nyuma ya kanisa. Nusu ya mji ilifanyia karamu za harusi humo, na mimi nikiwamo. Kila Julai chama kilifanya karamu uwanjani, na wanaume walipika buya, ile supu yetu ya kuku na mkia wa ng'ombe, katika sufuria kubwa kiasi kwamba waliikoroga kwa kasia la mtumbwi. Waliamka alfajiri kuiwekea moto na kufikia saa sita walikuwa wamelewa, lakini supu haikuwahi kuungua. Norbert ndiye aliyeshika kasia miaka mingi. Alikuwa mtu mkubwa, mpole, asiyesikia vizuri kwa sababu ya kelele za mashine. Akimnong'oneza Arlys wakati wa mahubiri, kanisa zima lilisikia. Jumapili moja alimwuliza kama padre huyu mpya atamaliza kabla ya mechi kuanza, na padre akajibu kutoka mimbarini kwamba atajitahidi.

Alifanya kazi kwenye mashine namba tatu. Aliwahi kunieleza jinsi karatasi inavyotoka ikiwa majimaji upande mmoja, ikipita juu ya mapipa ya moto hadi upande mwingine, kwa kasi ambayo farasi hawezi. Wakati mwingine inakatika. Hapo kengele inalia na kila mtu anakimbia, awe fundi mkuu au mfagizi, kuitoa karatasi iliyojazana na kuipitisha upya. Hakuna anayeuliza hiyo ni kazi ya nani. Norbert alisema humo ndimo alimojifunza chama ni nini, si kwenye mikutano.

Wenzake walimchagua kuwa mwakilishi wa zamu, na baadaye mwenyekiti wa tawi. Wakati huo mambo yalikuwa yameshaanza kupungua. Viwanda vya juu ya mto vilifungwa kimoja baada ya kingine. Mashine namba moja ilifunguliwa vipande vipande, ikapakiwa kwenye makontena ikauzwa nje. Kwenye mikutano viti vilivyobaki wazi vilikunjwa na kuegemezwa ukutani, na kila mwaka vilivyoegemezwa viliongezeka. Arlys anasema Norbert alianza kurudi nyumbani akiwa mkimya, na kwamba alikuwa akivua viatu vyake mlangoni na kukaa hapo hapo kwenye benchi, bado amevaa koti, hadi amwite mara mbili.

Mwaka 2003 kampuni ilileta mkataba. Ulikuwa mwepesi kueleweka. Walioko ndani wataendelea na mshahara wao, pensheni yao na bima yao. Watakaoajiriwa baada ya siku ile wataanza chini, hawatapata pensheni, na hawataifikia ngazi ya wenzao hata wakikaa miaka ishirini. Wanachama wakiukataa, mashine namba tatu itasimama.

Ukumbi ulijaa siku hiyo. Kijana mmoja wa ghala aliuliza ni haki gani hii, watu wawili kwenye mashine moja na mishahara miwili. Norbert alisimama kumjibu. Alikuwa amechoka na alikuwa na hofu, na nusu ya watu mle ndani walikuwa na mikopo ya nyumba. Alisema, "Hakuna mtu tunayemuumiza. Watu hao hawajafika bado."

Elroy Lemorande, rafiki yake tangu darasa la kwanza, alipiga meza kwa kiganja, na wengine wakafuata. Mkataba ulipita kwa kishindo. Walikwenda baa wakanunuliana bia, na kwa miaka mingi walisimulia siku ile kama siku waliyoiokoa mashine namba tatu. Kweli mashine haikusimama. Hilo sitalificha.

Kisha watu hao wakafika. Mmoja wao alikuwa mwanangu Trent.

Kiwandani waliitwa daraja B. Hakuna aliyejua nani aliyeanza kuwaita hivyo. Trent aliwekwa mashine namba tatu, zamu moja na mjomba wake, wakifanya kazi ile ile bega kwa bega. Mwanzoni ilikuwa utani. Siku ya Krismasi mezani kwangu Trent alikuwa akisema, "Mjomba, jipakulie wewe kwanza, sisi daraja B tutapangusa sufuria," na Norbert alikuwa akicheka hadi anakohoa. Halafu Trent akaoa, akapata mtoto, akaanza kazi ya pili ya kuondoa theluji kwenye maegesho ya maduka. Alisinzia kanisani akiwa amesimama. Mezani kwangu utani wa daraja B ukakoma, na hakuna aliyesema kwa nini.

Mwaka 2015 jimbo lilipitisha sheria. Tangu hapo hakuna mfanyakazi aliyelazimika kulipa ada ya chama ili abaki kazini, na asiyelipa angelindwa na mkataba ule ule kama anayelipa. Daraja A hawakutikisika. Daraja B walianza kutoka, na kufikia majira ya baridi karibu wote walikuwa wametoka. Trent alikuwa miongoni mwa wa kwanza. Aliniambia mimi kabla ya kumwambia mjomba wake, jikoni, huku akinisaidia kumenya viazi. Alisema hafanyi kwa hasira. Alisema ada ile ni nepi za mwezi.

Norbert hakuja chakula cha Jumapili iliyofuata, wala ile nyingine. Jumapili ya tatu alikuja, akala, akasubiri nitoe kahawa, kisha akamwambia Trent kwamba anataka kusema naye, na akanizuia nisiondoke.

Hali ilikuwa hivi. Mkataba ulikuwa unaisha majira ya machipuko. Daraja B sasa walikuwa wengi kuliko A kwenye sakafu ya kiwanda. Wakiamua, wangeweza kuomba kura ya serikali ya kukiondoa chama kabisa, na kulikuwa na fununu kwamba karatasi ya kuomba kura hiyo ilikuwa tayari inazunguka. Norbert alikuwa na miezi michache ya kuwarudisha. Akishindwa, tawi ambalo baba yetu alitia saini kujiunga nalo, na yeye pia akiwa mvulana, lingekufa mikononi mwake.

Trent alimsikiliza mpaka mwisho. Kisha akasema, "Karatasi ikikatika, mjomba, tunakimbia wote. Si ndiyo? Hakuna anayeniuliza daraja. Ninaungua mkono ule ule unaoungua wewe. Karatasi ikishapita, wewe unarudi A na mimi narudi B."

Norbert alizungusha kikombe chake. "Mimi ndiye niliyesimama kuutetea ule mkataba," akasema.

"Tunajua. Mlikuwa mnatusimulia wenyewe kama ushindi."

Nilidhani kaka yangu angeinuka aondoke. Hakuinuka. Alimwuliza Trent wanataka nini. Trent akasema kitu kimoja tu, madaraja yafutwe, na kiwe cha kwanza mezani, sio cha tano, sio cha tutaona. Norbert akasema yuko tayari, lakini orodha ya madai hupigiwa kura na wanachama, na wanachama waliobaki ni A watupu. Warudi kwanza, walipe, waje wapige kura, watashinda. Trent akasema wenzake hawatalipa kununua ahadi. Waonyeshwe kwanza kwamba A wako tayari, ndipo warudi.

Walikaa hapo muda mrefu, kila mmoja akiona kwamba mwenzake anasema kweli. Mimi niliosha vyombo vilivyokwisha kuoshwa.

Norbert alianza na daraja B. Karibu kila siku baada ya zamu aliendesha gari kwenda nyumba kwa nyumba, kwenye theluji, akiwa na umri wa miaka sitini na tatu na magoti mabovu. Hakujua jinsi ya kuifanya kazi hiyo. Baba yetu angeijua, maana enzi zake ada iliombwa kwa mdomo, na ili uombe ilikubidi uingie jikoni kwa mtu, uketi, usikie shida zake. Kwa Norbert yote hayo yalikuwa yamefanywa na idara ya mishahara maisha yake yote. Wengine walimfungulia, wengine waliongea naye kupitia kioo cha mlango. Mama mmoja kijana, dereva wa mashine ya kubebea marobota, alimpa chai na kumwambia kwa upole kwamba miaka yote aliyofanya kazi pale hii ndiyo mara ya kwanza mtu wa chama kumwuliza jina la mtoto wake. Norbert alimsimulia Arlys jambo hilo, akasema afadhali angefukuzwa.

Kisha akaenda kwa watu wake mwenyewe. Kampuni ilikuwa imeshadokeza kwamba fedha zilizopo ni fungu moja. Wakitaka madaraja yafutwe, daraja A wakae mkataba mzima bila nyongeza. Norbert alimfuata Elroy siku ya Ijumaa kwenye baa, ambako mji mzima hula samaki wa kukaanga siku hiyo, maana Elroy akikubali wengine wangemfuata. Arlys alikuwepo, ndiye aliyenisimulia.

Elroy hakuweka uma wake chini. "Wametoka mlangoni kwa miguu yao," akasema. "Sasa unataka niwapelekee sahani nje kwenye theluji?"

"Tuliwatoa sisi, Elroy, kabla hata hawajaingia."

"Wewe ndiye uliyehubiri siku ile. Mimi nilipiga meza tu."

"Basi piga meza tena."

Elroy alicheka kidogo, kisha akaacha kucheka. Mkewe Bernice alikuwa anasafishwa figo kwa mashine hospitalini, wiki nzima wako barabarani. Alisema amebakiza miaka miwili kustaafu, kwamba nyongeza hiyo tayari ina kazi, na kwamba kama Norbert anataka kutubu, atubu kwa mshahara wake mwenyewe, sio wa Bernice. Walicheza karata kama kawaida na Elroy akashinda.

Mkutano wa kupigia kura madai ulifanyika Februari. Waliuendesha wakiwa wamevaa makoti, kwa sababu tawi halikumudu tena kupasha ukumbi moto zaidi ya saa moja. Trent alikuja. Mchana ule ule alikuwa amejaza kadi upya ndani ya gari la mjomba wake. Wenzake wa B walimwambia aende aone, nao wataamua kwa atakayoyarudisha. Nilimwombea siku nzima, na nilimwombea Norbert, na nilijua kwamba naomba vitu viwili ambavyo vinahitaji muujiza mmoja.

Kila mmoja alinisimulia kivyake, na masimulizi yao hayakutofautiana. Trent aliingia akakaa safu ya nyuma. Elroy aligeuka akamwona.

"Kumbe huyu ndiye aliyetukimbia," akasema kwa sauti ya kusikika. "Karibu, mwanangu. Umekuja na bakuli?"

Watu walicheka. Trent akajibu, "Nimekuja na kadi, mzee. Bakuli mlibaki nalo ninyi."

Wachache walicheka na hiyo pia, na Norbert alisema kwa dakika ile alidhani huenda ikawezekana. Alisimama akasoma dai la kwanza, kufuta madaraja, na akaeleza waziwazi gharama yake kwa kila aliyekuwa mle ndani. Kisha akasema maneno aliyokuwa ameyabeba majira yote ya baridi. Alisema mwaka ule wa mkataba aliwaambia hakuna wanayemuumiza kwa sababu watu hao hawajafika. "Sasa wamefika," akasema, "na mmoja wao ni mtoto wa dada yangu, na mmekula buya naye."

Hakuna aliyempinga kwa hotuba. Walimwangalia tu, watu waliochoka kama yeye. Mmoja alisema anamheshimu Norb, lakini mguu wake una vyuma. Mwingine alisema vijana wana muda wa kungoja. Alipoitisha mikono, iliinuka michache sana, na mmoja ulikuwa wa Trent. Mkono wa Elroy ulibaki mfukoni mwa koti. Norbert, kama mwenyekiti, ilimbidi atangaze mwenyewe kwamba dai limeanguka, na apige nyundo.

Alimfuata Trent nje kwenye maegesho na kumwomba asiwaambie wenzake kwamba A ni watu wabaya. Trent akasema atawaambia alichokiona, basi.

Karatasi ya kuomba kura ilipata saini za kutosha ndani ya mwezi. Maofisa wa serikali walikuja na vibanda vyao vya kupigia kura, wakaviweka kwenye chumba cha chakula. Norbert hakutukana mtu. Alisimama karibu na mashine ya soda akiwasalimu wote waliopita, A na B, na wengine hawakumwangalia usoni. Chama kilishindwa, na si kwa kura nyingi. Ukumbi uliuzwa kwa mtu wa matairi. Norbert alipeleka funguo mwenyewe, akapiga deki sakafu kwanza, jambo ambalo Arlys alimwambia ni upuuzi.

Alistaafu mwaka ule. Kampuni haikuwapandisha daraja B. Iliwashusha daraja A polepole, likizo hapa, bima pale, na hapakuwa na wa kuulizwa. Elroy alistaafu na pensheni, lakini bima ambayo Bernice aliitegemea haikuwa tena ile aliyoijua. Sisemi hayo kwa kufurahi.

Mapafu ya Norbert yalianza kumsumbua, kisha yakamshinda. Januari iliyopita Trent alikuja kumwondolea theluji mlangoni, akaingia kujipasha moto. Mimi na Arlys tulikuwa tunakunja shuka. Trent alisimama mbele ya kiti cha mjomba wake, buti zikidondosha maji kwenye zulia.

"Siku ile ya vibanda," akasema, "mimi niliweka alama ya kukiondoa."

Norbert alivuta pumzi mbili tatu kwenye mpira wake wa hewa kwanza. "Ile mikono uliiona mwenyewe," akasema. "Ningekuwa na mshahara wako, ningeweka hapo hapo."

"Hukuwahi kuniuliza."

"Nilijua ungeniambia kweli." Akapumzika. "Sasa je? Mnaongea?"

"Nani na nani?"

"Wewe na wale wa A waliobaki. Wewe na Elroy mnapokutana dukani."

Trent akasema hapana, hakuna anayeongea na mtu, kila mtu anaingia na kutoka. Norbert akafumba macho. Tulidhani amelala. Kisha akasema, bila kuyafumbua, kwamba alikuwa mwenyekiti miaka mingi na kazi hiyo ya kuongea na watu hakuifanya, alidhani ilishafanywa na waliomtangulia. Akamwomba Trent amfungie pazia, mwanga wa theluji unamwumiza.

Hakusema mengi tena baada ya hapo, kwetu wala kwa mtu. Padre alimpaka mafuta akiwa na fahamu zake. Alikufa bila maumivu makubwa, na ninamshukuru Mungu kwa hilo, na ninaamini amepumzika.

Tulimzika Jumatatu. Ardhi ilikuwa ngumu na wachimbaji walitumia mashine. Baadaye tulikula kwenye ukumbi wa parokia, mikate ya nyama ya nguruwe na saladi ya viazi. Daraja A walikaa upande wa madirisha, Elroy akiwa katikati yao, peke yake tangu Bernice afariki. Trent na wenzake walikaa upande wa mlango, na kati yao kulikuwa na meza tupu zilizotandikwa vizuri. Arlys alitoka jikoni na birika la kahawa. Akasimama katikati ya ukumbi akitazama huku na huku, mjane wa siku chache, asijue pa kuanzia kumimina.

Nikachukua birika la pili. Nikamwambia, "Wifi, wewe nenda kwa Elroy," nami nikaanza na upande wa mlango.